Wote husema "kwa imani": tumfuate Luther, Osiander, Baxter, Owen au Wesley?

Mhubiri akisema kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, bado hajasema vya kutosha. Muulize mambo mawili. Haki inayofanya Mungu anikubali iko wapi, ndani yangu au nje yangu? Na siku ya hukumu matendo yangu yatakuwa na kazi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyowagawa Waprotestanti tangu karne ya 16. Walikuwa wamesimama pamoja dhidi ya Roma, lakini wakaandikiana vitabu vikali wao kwa wao.

Nawalinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua: mwalimu wa kipaimara, mwinjilisti wa mtaa, kiongozi wa fellowship, au muumini aliyetoka usharika wa Kilutheri akajiunga na kanisa la kiroho na sasa anasikia wokovu ukielezwa kwa namna nyingine kabisa. Nina upande wangu na nitausema. Jambo hili linaamua mtu atashika nini akiwa anakata roho, na pia ataishi vipi na jirani zake kabla ya siku hiyo.

Luther: haki isiyo yangu

Mwaka 1545, ikiwa imebaki chini ya mwaka mmoja afariki, Martin Luther aliandika kwamba zamani aliyachukia maneno "haki ya Mungu" katika Warumi 1:17. Aliyaelewa kuwa haki ambayo kwayo Mungu huwaadhibu wakosaji. Alikuwa mtawa asiye na lawama, ila dhamiri yake haikutulia hata siku moja. Baadaye akaona kwamba Paulo anazungumzia haki ambayo Mungu humpa mtu anayeamini, na hapo, anasema, alijiona ameingia peponi kupitia malango yaliyo wazi.

Msingi wa fundisho lake ni kwamba haki hiyo ni ya Kristo na inabaki kuwa ya Kristo. Mungu anamhesabia mwenye dhambi haki ya mwingine, kama hakimu anavyotamka hukumu. Mtu huyo hajawa mwema kwanza ndipo akatamkiwa. Soma Warumi 4:5 polepole: "Lakini kwa mtu asiyefanya kazi, bali anamwamini yeye ampaye haki asiyekuwa haki, imani yake mtu huyo imehesabiwa kuwa haki." Anayepewa ni asiyekuwa haki. Ndiyo maana Luther alithubutu kusema kwamba Mkristo ni mwenye haki na ni mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lililoandikwa na Philipp Melanchthon, liliweka jambo hili katika kifungu cha 4 kwa sentensi chache sana.

Nguvu ya fundisho hili inaonekana kwa mtu aliyevunjika. Halimwambii ajichunguze kwanza. Udhaifu wake unaonekana kwa mtu mvivu wa kiroho, anayesikia nusu yake tu. Luther mwenyewe alilazimika kupambana na Johann Agricola kuanzia mwaka 1537, kwa sababu Agricola alifundisha kwamba sheria ya Mungu haina nafasi tena katika mahubiri kwa waumini. Dosari hiyo haikuja miaka mia baadaye. Ilizuka Luther akiwa hai, tena kwa rafiki yake.

Osiander: Kristo aliye ndani yangu

Andreas Osiander alikuwa mwanamatengenezo wa Nürnberg. Alipohamia Königsberg, mji mkuu wa Prussia, akapewa nafasi kubwa na Mtawala Albrecht, na mwaka 1550 akatoa hoja zilizowasha moto. Swali lake lilikuwa zito: je, Mungu husema uongo? Akimwita mtu mwenye haki wakati si mwenye haki, tofauti yake na hakimu aliyehongwa ni nini? Akasema kwamba wanaofundisha kuhesabiwa tu, bila Kristo kukaa ndani ya mtu, wanafundisha mambo baridi kuliko barafu. Kwake yeye tunapata haki kwa sababu Kristo, kwa uungu wake, anakaa ndani yetu, na Mungu anapotutazama anaiona haki hiyo ya milele ndani mwetu.

Usimdharau. Wagalatia 2:20 iko upande wake, na Wakolosai 1:27 pia. Mkristo wa Afrika Mashariki aliyelelewa katika uamsho, anayezoea kusema "Yesu yuko ndani yangu", atamsikiliza Osiander na kujiona nyumbani. Miaka ya karibuni wasomi wa Kifini, wakiongozwa na Tuomo Mannermaa, wameonyesha kwamba hata Luther alisema mengi kuhusu Kristo kuwamo ndani ya imani yenyewe.

Hata hivyo, nakataa jibu lake. Melanchthon na Matthias Flacius, mwanateolojia mwenzake wa Kilutheri, ambao katika mambo mengine walikuwa hawapikiki chungu kimoja, walisimama pamoja kumpinga Osiander, na nadhani walikuwa sahihi. Kama haki yangu ni uungu wa Kristo uliomo ndani yangu, basi msalaba unabaki kuwa maandalizi tu. Umeondoa kizuizi, lakini haki yenyewe inakuja kwa njia nyingine. Halafu mtu aliye na hofu anatumwa tena kujitazama ndani, kutafuta kama Kristo yumo. Mtu mgonjwa, aliyechoka, mwenye mawazo mazito, akitazama ndani haoni kitu.

Ugomvi huo haukuishia vitabuni. Osiander alifariki mwaka 1552, na mkwewe Johann Funck alikatwa kichwa Königsberg mwaka 1566, siasa za ikulu na teolojia zikiwa zimechanganyika. Mwaka 1577 Walutheri wakafunga mjadala kwa ungamo la pamoja: Kristo ni haki yetu kwa utii wake, akiwa Mungu na mwanadamu.

Ungamo hilohilo lilimaliza ubishi mwingine ambao nautaja kwa ufupi kwa sababu pande zote mbili zilikosea. Georg Major alisema matendo mema ni ya lazima kwa ajili ya wokovu. Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa zamani wa Luther, akajibu kwa hasira kwamba matendo mema yana madhara kwa wokovu. Walutheri walikataa kauli zote mbili: matendo mema ni ya lazima, lakini hayanunui wala hayalindi wokovu. Ukimsikia mhubiri leo akitamka kauli mojawapo kati ya hizo, ujue kanisa lilishaipima.

Calvin: zawadi mbili kwa mara moja

Jean Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, alimjibu Osiander kwa kirefu katika toleo la mwaka 1559 la kitabu chake kikuu. Kilichonivutia mimi ni mpangilio wake. Katika sehemu ya tatu anaeleza toba na maisha mapya kwanza, ndipo anafika kwenye kuhesabiwa haki. Msomaji anayetafuta nafasi ya kusema "imani ya hawa haina matendo" anakuta matendo yameshazungumzwa kurasa nyingi kabla.

Hoja yake ni hii: imani inamwunganisha mtu na Kristo, na mtu akiisha kuunganishwa naye anapokea zawadi mbili pamoja, kuhesabiwa haki na kutakaswa. Hazichanganywi, kwa hiyo utakaso wangu hauwi sehemu ya msingi wa kukubaliwa kwangu. Hazitenganishwi, kwa hiyo hakuna anayepata moja bila nyingine. Andiko lake ni 1 Wakorintho 1:30, ambapo Kristo "aliyefanywa kwetu hekima itokayo kwa Mungu, na haki, na utakatifu, na ukombozi" ni mmoja, hagawanyiki. Hapa lile jambo jema alilolitafuta Osiander, Kristo kuwa wetu kweli, linapatikana bila gharama yake.

Boston, 1637: mwanamke mmoja dhidi ya wachungaji

Calvin anaacha swali moja linalosumbua. Kama zawadi ni mbili na haziachani, je, naweza kuitazama ya pili ili nijue kama ninayo ya kwanza? Wachungaji wengi wa Kipuritani, yaani wafuasi wa Calvin kutoka Uingereza, katika koloni la Massachusetts huko Amerika walisema ndiyo. Anne Hutchinson, mama na mkunga aliyekuwa akikusanya watu nyumbani kwake Boston kujadili mahubiri, alisema hapana: kufundisha hivyo ni kurudisha agano la matendo, yaani kukubaliwa na Mungu kwa utii wa mtu mwenyewe, kwa mlango wa nyuma. Karibu wachungaji wote wa koloni, isipokuwa wachache kama John Cotton, walijikuta wanashutumiwa. Novemba 1637 akahukumiwa mbele ya Gavana John Winthrop, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, na mwaka uliofuata akafukuzwa.

Namwonea huruma Hutchinson, na hofu yake naielewa. Mtu akiambiwa apime wokovu wake kwa maendeleo yake, mwenye dhamiri nyepesi hukata tamaa na mwenye kiburi hujipongeza. Lakini yeye aliegemea ufunuo wa moja kwa moja kutoka kwa Roho, na alipousema mahakamani ndio uliomponza. Kwa mtu wa kwetu anayesikia kila juma "Bwana ameniambia", kesi hiyo inafaa kufikiriwa kwa makini. Uhakika unaotoka kwenye sauti ya ndani hauna nguvu kuliko ule unaotoka kwenye matendo. Vyote viwili viko ndani yangu.

Baxter na Owen: punje ya pilipili manga

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, maana mahubiri mengi ya siku hizi ni ya Baxter bila wahubiri wenyewe kumjua.

Richard Baxter alikuwa mchungaji wa Kidderminster, Uingereza. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alihudumu katika jeshi la Bunge lililopigana na mfalme, na huko akasikia askari wakihubiri kwamba wateule walihesabiwa haki tangu milele, hata kabla ya kuamini, kwa hiyo toba haibadilishi kitu. Alishtuka. Mwaka 1649 akatoa kitabu chake cha kwanza, na kilikuwa kuhusu kuhesabiwa haki.

Akatoa mfano huu. Mpangaji wa shamba ameshindwa kulipa kodi na deni limemzidi. Mwana wa mwenye ardhi analilipa deni lote, kisha anampa mpangaji mkataba mpya: kuanzia sasa kodi ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Kristo, kwa Baxter, alitimiza masharti ya sheria ya zamani na kutuletea sheria mpya yenye masharti mepesi, yaani imani, toba na utii wa kweli hata kama si mkamilifu. Punje hiyo hailingani na deni hata kidogo. Lakini ni lazima ilipwe, na kwa mkataba mpya imani yangu yenyewe ndiyo inayohesabiwa kuwa haki yangu.

John Owen, aliyekuwa mhubiri wa Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza baada ya vita hivyo, na kiongozi wa Chuo Kikuu cha Oxford, alipingana naye kwa miaka mingi, na mwaka 1677 akatoa kitabu kikubwa juu ya fundisho hili. Kabla hajaingia kwenye hoja anamtaka msomaji afikirie kwanza ukuu na utakatifu wa Mungu ambaye atasimama mbele zake. Naiona hiyo kuwa hoja yenyewe. Tukiwa darasani, punje ya pilipili inatosha. Mbele ya Mungu huyo, mtu atauliza: punje yangu ilikuwa safi? Toba yangu ilikuwa ya kweli kiasi gani? Owen anarudi kwenye 2 Wakorintho 5:21: "Yeye asiyejua dhambi alimfanya kuwa dhambi kwa ajili yetu, ili sisi tupate kuwa haki ya Mungu katika Yeye." Utii wa Kristo ndio uliotimiza sharti, lote, na imani ni kumpokea yeye.

Kwa uchungaji, Baxter ana heshima yangu yote. Siku mbili za kila juma, Jumatatu na Jumanne, yeye na msaidizi wake walikaa na familia moja baada ya nyingine kuwafundisha katekisimu, na mji ukabadilika. Mchungaji atakayemwiga katika hilo atafanya vizuri. Katika kifungu hiki cha imani nachagua Owen, na sioni haya kusema kwamba tofauti yao si ndogo. Ukimwambia mtu "umeokolewa kwa neema, sasa dumisha wokovu wako kwa kutoa, kufunga na kuhudhuria", umempa mkataba wa Baxter, tena kwa punje kubwa zaidi.

Wesley na wapinzani wake

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, anastahili kusikilizwa kwa sababu alilionja jambo hili. Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano wa Aldersgate Street, London, mtu alikuwa anasoma dibaji ya Luther kwa Waraka kwa Warumi, na Wesley alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu na uhakika kwamba dhambi zake zimeondolewa. Kuanzia hapo akahubiri kuhesabiwa haki kwa imani mashambani na migodini.

Lakini aliona watu wakilitumia neno "haki ya Kristo iliyohesabiwa kwetu" kama nguo ya kufunikia uovu. Alipokosoa kitabu alichotoa James Hervey, mwanafunzi wake wa zamani wa Oxford, mwaka 1755, alimsihi asiupiganie msemo huo kwa sababu umeleta madhara makubwa. Mwaka 1770 mkutano wake wa wahubiri ukaandika kwamba wameegemea mno upande wa Calvin, na maneno yao kuhusu matendo kuwa sharti yakazua moto. Wachungaji wa upande wa Calvin wakainuka: Walter Shirley alipinga, na Augustus Toplady alikuwa mkali kupita wote. Mwaka uliofuata Wesley na wahubiri wake wakatia sahihi tamko la kukataa kabisa kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, huku rafiki yake John Fletcher akiendelea kutetea kwamba siku ya mwisho matendo yatatolewa kama ushahidi.

Wesley ana faida moja kubwa: anajibu vizuri suala la Yakobo, anayesema kwamba Abrahamu alihesabiwa haki kwa matendo. Paulo anamchukua Abrahamu wa Mwanzo 15, kabla Isaka hajazaliwa. Yakobo anamchukua Abrahamu wa Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Ni mtu yuleyule, na imani iliyohesabiwa kwanza ndiyo iliyotii baadaye. Mfuasi wa Owen anaweza kulikubali hilo bila kupoteza chochote. Asichoweza kukubali ni fundisho la Wesley kwamba aliyehesabiwa haki anaweza kuipoteza kabisa. Hapo uhakika wa kesho unategemea tena jinsi nitakavyodumu.

Wasabato walikuwa na mjadala wao, na katika sehemu kama Mara na Kisii, walikojaa, unafaa kujulikana. Kwenye mkutano mkuu wa Minneapolis mwaka 1888, vijana wawili, E. J. Waggoner na A. T. Jones, waliwataka wenzao warudishe haki ya Kristo katikati ya mahubiri. Wakongwe kama Uriah Smith waliogopa kwamba Amri Kumi zitadhoofika. Ellen White aliwaunga mkono vijana.

Wright: nani anakaa mezani?

Kuanzia E. P. Sanders mwaka 1977, na baadaye James Dunn na N. T. Wright, wasomi kadhaa wa Agano Jipya wamesema Luther alimsoma Paulo kwa macho ya shida zake mwenyewe. Kwa Wright, kuhesabiwa haki ni tangazo la Mungu kwamba fulani ni wa familia ya agano, na beji ya familia hiyo ni imani, wala si tohara au chakula. John Piper, mchungaji wa Marekani, alimjibu kwa kitabu mwaka 2007, na Wright akajibu mwaka 2009.

Nadhani Piper yuko sahihi kuhusu msingi: swali la mtu kukubaliwa na Mungu haliwezi kugeuzwa kuwa swali la uanachama. Lakini katika Wagalatia 2 Petro anainuka mezani na kuwakimbia watu wa mataifa kule Antiokia, na Paulo anaona injili yenyewe imeguswa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulitokea Gahini, Rwanda, ukawafundisha watu kuungama dhambi hadharani na kutegemea damu ya Yesu. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 1994, Wakristo waliwaua Wakristo kwa sababu ya kabila. Mwalimu wa kwetu anayefundisha kuhesabiwa haki bila kufika kwenye ile meza ya Antiokia ameacha jambo zito.

Uchague nini

Kama wewe ni mtu wa kujilaumu, unayeungama dhambi ileile na bado huna amani, mfuate Luther, na Owen kama unaweza kuvumilia kitabu kirefu. Wesley na Baxter wasubiri. Watakuumiza kabla ya kukusaidia.

Kama uko mahali ambapo "nimeokoka" ni salamu tu, na wanaoitoa wanadhulumu mirathi ya yatima, msome Wesley kwa ajili ya makali yake, ila msingi usihame. Kama usharika wako umegawanyika kwa ukabila, ongeza Wagalatia 2.

Kwa mwalimu anayetafuta fundisho moja la kushika mwaka mzima, ningemchagulia Calvin. Analinda alichokipata Luther, anatoa nafasi kwa kilichomsumbua Osiander, na hamwachii mvivu pa kujificha. Tatizo lake ni la ufundishaji: mara nyingi tunafundisha zawadi ya kwanza muhula huu na ya pili muhula ujao, na katikati wanafunzi wameshaondoka. Soma Warumi 5 na Warumi 6 katika kipindi kimoja, hata kama kitabu cha mafundisho kimezitenganisha. Usimruhusu mtu yeyote aende nyumbani kabla hajalisikia swali la 6:1, "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?", pamoja na jibu lake.